Rory Chumvi Hayumo

Ukisimama mlangoni pa kanisa la Glen Ardal Jumapili, watu wakishatoka misani, ukaita "Rory Gillis!", watageuka wanaume wa kutosha kubeba jeneza, na mmoja wao atakuwa padri. Ndivyo ulivyo upande ule wa kisiwa cha Cape Breton. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na ikiwa mababu wote wawili walikuwa Rory, basi shauri yao. Wazee wa kina Gillis walishuka melini na majina machache tu, na mpaka leo wajukuu hawajaona sababu ya kuyaongeza.

Kwa hiyo jina la kwenye cheti halina kazi kubwa pale. Kazi hufanywa na jina la mtaani. Kulikuwa na Rory Bunge, aliyekaa kwenye bunge la jimbo miaka na miaka na kufa akiwa bado anapenda kushika watu mikono. Kulikuwa na Rory Redio, aliyetangaza mechi za hoki kwa sauti ya mtu anayeunguliwa na nyumba. Kulikuwa na Padri Rory. Kulikuwa na Rory Bima, diwani, aliyeuza bima za magari asubuhi na kukaa barazani jioni, na hakuna aliyejua kwa hakika kazi ipi ilimlipa zaidi. Majina haya mtu hajipi. Watu ndio wanaokupa, wala hawakuulizi, na likishakukaa linamkaa mkeo na wanao pia.

Na kulikuwa na Rory Chumvi.

Rory huyu alizaliwa Ng'ambo, upande wa pili wa Mto Ardal, mtoto wa pekee wa Morag na marehemu Dan. Alipokuwa kijana aliajiriwa na idara ya barabara. Kiangazi aliziba mashimo, na baridi ikiingia aliendesha gari la kusukuma theluji na kumwaga chumvi juu ya barafu ili watu wasiteleze. Katika mwaka wake wa kwanza kazini, asubuhi moja, ilitokea aibu ambayo Glen Ardal nzima iliisimulia vizuri isipokuwa yeye mwenyewe. Tutaifikia. Kwa sasa itoshe kusema kwamba kuanzia siku ile hakuna aliyemwita tena Rory wa Dan.

Alilichukia jina hilo kwa moyo wake wote. Alipomwoa Effie, msichana mcheshi wa kule bandarini, wapiga fidla waligoma kuanza harusini mpaka bwana harusi amwagiwe chumvi kichwani badala ya mchele. Binti yao Katie alikwenda kutafuta kazi Alberta kama vijana wote, mbali kabisa, akakutana kwenye kambi ya wafanyakazi na kijana wa kisiwani aliyemuuliza, "Wewe Katie wa nani?" Alipomtajia baba yake, kijana akapiga paja. "Wa Rory Chumvi! Mbona hukusema?" Na mezani ndiyo usiseme. Rory akienda kula kwa watu, lazima mmoja ataondoa kidude cha chumvi na kusema, "Huyu mzee huja na yake." Basi akajifunza kula chakula hivyo hivyo kilivyo, viazi, samaki, supu, miaka thelathini, akitafuna na kutabasamu kama mtu anayemeza dawa. Nyumbani kwake alikula chumvi. Mbele za watu, hata kidogo.

Mtu wa namna hiyo hangegombea udiwani kama si daraja.

Daraja la Ng'ambo lilikuwa la mbao, jembamba, la zamani kuliko Morag, na Morag alikuwa bibi kizee. Mwaka ule idara ilipigilia kibao: magari madogo tu. Basi la shule likakoma kuvuka. Lori la mafuta ya kupashia nyumba joto likakoma. Gari la wagonjwa likakoma. Na gari la theluji likakoma, na gari hilo aliliendesha Rory. Baridi hiyo, ya mwisho kabla hajastaafu, alisukuma theluji mpaka mwanzo wa daraja, akazima injini, akatazama moshi wa bomba la jiko la mama yake upande wa pili. Kisha akashuka na koleo, akavuka kwa miguu akichimba njia. Alifika kwa Morag akiwa hoi, na aliona uchungu ambao hakuwahi kumwambia mtu.

"Si uhamie kwetu, Mama," alimwambia.

"Nihame niende wapi? Baba yako ataniuliza nini huko aliko?"

Jimbo lilikuwa tayari kujenga daraja jipya, ila lilitaka kwanza baraza la wilaya liombe. Rory Bima ndiye aliyepaswa kuliomba. Watu wa Ng'ambo walimwendea, akawapa chai, akawapa kalamu zenye jina la kampuni yake, akawaambia analifuatilia. Walikwenda tena. Wakapewa kalamu nyingine.

"Nitagombea," Rory alimwambia Effie asubuhi moja, akiwa amesimama na soksi mkononi.

Effie alimtazama. "Wewe? Usiyeweza kumwambia kinyozi amekata vibaya?"

"Mimi."

"Basi vaa soksi kwanza, mheshimiwa."

Ofisini kwa karani wa uchaguzi alimkuta Bernadette, waliyesoma naye, miwani puani. Bernadette alikuwa na shida yake. Kata moja, wagombea watatu, wote Rory Gillis: Rory Bima aliyekuwa akitetea kiti, Rory Redio aliyestaafu utangazaji akakosa mahali pa kusemea, na sasa huyu.

"Sheria inaruhusu tuchape na jina unalojulikana nalo," alisema. "Redio ameandikisha Redio. Bima amekataa, eti Rory Gillis ni mmoja tu na ni yeye. Haya, na wewe nikuandike Chumvi?"

Rory alikuwa amelala macho akiliwaza hilo. Karatasi ya serikali, herufi za serikali, na neno lile lile. "Andika Daraja," alisema.

"Daraja? Nani anakuita Daraja?"

"Wataniita."

Bernadette alivua miwani. "Rory, ndugu yangu, hapa hajawahi kutokea mtu akajibatiza. Bunge alijaribu kuitwa Simba. Unakumbuka? Walicheka mpaka akarudi kwenye Bunge."

"Sheria inasemaje?"

"Sheria inasema niandike unachotaka."

"Basi andika."

Effie alipopata habari hakupiga kelele. Alikaa juu ya ngazi ya nyuma akimenya viazi kimya, jambo lililomtisha Rory zaidi. Mwishowe akasema, "Unataka daraja, au unataka jina?"

"Vyote viwili kuna ubaya gani?"

"Sijui. Mimi nimeolewa na Chumvi, na sijafa."

Akapigilia vibao vyake kando ya barabara: RORY GILLIS, DARAJA. Akapita jikoni kwa jikoni, maana Glen Ardal mtu haingii sebuleni ila kuna maiti. Kila mahali alikunywa chai, akala mkate wa shayiri, akaeleza habari za mbao zilizooza. Na kila mahali alijibiwa vile vile: "Wewe usijali, Chumvi. Sisi wako." Alipofika hapo pa kueleza kwamba kwenye karatasi hatakuwa Chumvi, ulimi ulimwia mzito. Ingebidi alitamke lile neno kwa kinywa chake. Alijiambia vibao vinatosha, watu wana macho.

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, milima imewaka rangi nyekundu na manjano, hewa baridi na safi. Kura zilipigwa kituo cha zimamoto. Upande wa pili wa barabara, kwenye ukumbi wa kanisa, akina mama waliuza supu ya samaki kama kila mwaka wa uchaguzi, na ilikuwa desturi kupiga kura kisha kula, au kula kisha kupiga kura, kutegemea njaa. Rory alimleta mama yake kwa gari lake dogo, wakavuka mbao zikilia chini yao. Akamngojea nje. Morag alitoka na fimbo yake, uso umemkunjamana.

"Pole, mwanangu," alisema.

"Pole ya nini?"

"Hukuwemo."

Rory alicheka. "Nimo, Mama. Wa pili kutoka juu."

"Hukuwemo! Nimetazama na miwani ya kusomea. Kuna Redio, kuna mtu anaitwa Daraja sijui katoka wapi, labda wa mjini. Chumvi hayumo. Nikasema basi, nilimbatiza Rory Gillis mtupu, nikampigia yule Rory Gillis mtupu."

Mama yake mzazi, mwenye moshi ule kwenye bomba lile, alikuwa amempigia kura Rory Bima.

"Mama, Daraja ndiye mimi."

"Tangu lini?" Morag aliuliza.

"Na vile vibao njiani, hukuviona?" Rory alisema.

"Si vilikuwa vinadai daraja? Nikasema vizuri, mwanangu anadai daraja."

Mlangoni pa zimamoto alikuwa akitoka Lauchie, jirani wa Ng'ambo, mfuga kondoo, mtu asiyejua kunong'ona. "Chumvi!" alipiga kelele. "Umejitoa bila kutuambia? Mimi nimempa Redio, angalau anachekesha!"

Effie alikuwa kando ya gari, amesikia yote. Angeweza kusema mengi, na mwingine angeyasema. Alisema tu, "Wengi hawajapiga bado. Wako kwenye supu. Huku zimamoto huruhusiwi kufanya kampeni, lakini ule ni ukumbi wa kanisa."

"Kawaambie wewe," Rory alisema. "Wanakupenda."

"Nikawaambie nini? Kwamba mume wangu ana jina na anaogopa kulisema?"

Rory alitazama mto. Kutoka pale daraja lilionekana, limelala upande kidogo. Akavuka barabara.

Ukumbi ulikuwa umejaa mvuke na makelele. Rory Bima alikuwa meza ya mbele, kitambaa kifuani, anapuliza kijiko. Rory Chumvi alipanda juu ya kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata utotoni, na watu wakanyamaza kwa mshangao tu.

"Jamani," alianza. "Mimi ni Rory Chumvi."

Mtu wa nyuma akasema, "Tunajua!" na ukumbi ukaangua kicheko.

"Mnajua. Lakini karatasi haijui. Kwenye karatasi nimejiandikisha Daraja."

"Daraja?" aliuliza mama mmoja mwenye upawa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nililionea haya jina langu."

"Jina zuri hivyo!" Lauchie alipiga kelele mlangoni.

"Afadhali asimulie!" alisema mwingine. "Sijawahi kumsikia akisimulia mwenyewe!" Wakaanza kugonga meza kwa vijiko. Rory aliona wazi kwamba hatashuka kwenye kiti kile bila kulipa. Basi akasimulia.

"Nilikuwa mgeni kazini," alisema. "Theluji imeanguka usiku kucha. Bosi akaniambia, peleka lori zima la chumvi kwa Rory Gillis. Akaingia ndani kunywa chai. Sasa mimi nikajiuliza, nani? Rory Gillis yupi? Nilikuwa kijana, naona haya kuuliza. Kumbe alitaka kwa Rory wa ghala la barabara, pale kwenye kona. Mimi nikaenda kwa Rory mwenye nyumba nzuri." Akamwelekeza kidole Rory Bima. "Nikamwaga yote mbele ya mlango. Mlima. Nikapiga honi, nikaondoka najisifu."

Vicheko vilianza chini chini.

"Chumvi ikayeyuka ikaingia ardhini. Majani hayakuota mwaka ule wala uliofuata. Lakini kulungu! Kulungu wa milima yote walipata habari. Walikuja kulamba. Wakajaa uani, dume, jike, watoto, wanalamba ardhi, wanalamba ngazi, wanalamba mlango wenyewe. Bima akitaka kwenda kazini anachungulia dirishani, kulungu nao wanamchungulia."

"Walilamba gari!" Rory Bima alisema, kwa hasira ya zamani. "Rangi yote ya upande mmoja!"

"Na halikuwa na bima!" Lauchie alipiga kelele, na hapo ukumbi ukavunjika mbavu kabisa. Mama mmoja alilazimika kukaa chini. Padri Rory alifuta machozi na kitambaa cha meza. Rory mwenyewe, juu ya kiti, alijikuta anacheka, akashangaa, maana miaka yote aliidhani hadithi ile inamhusu mjinga mmoja, na kumbe ilikuwa hadithi ya kulungu.

Aliponyoosha mkono walinyamaza. "Siku ile niliona haya kuuliza, nikapeleka mzigo kusikokuwa kwake. Leo nimeona haya tena, na mama yangu kampigia kura huyu bwana. Ng'ambo kuna wazee, na gari la wagonjwa halivuki. Mkitaka kumpigia Chumvi, mpigieni Daraja. Nimemaliza. Kuleni."

Waliacha supu ikipoa, wakavuka barabara kwa makundi.

Alishinda kwa kura chache sana. Rory Bima alidai wazi kwamba baadhi ya kura za Chumvi ni za watu waliochanganyikiwa, na kweli waliochanganyikiwa walikuwapo, ila walimpigia yeye Bima. Morag alitubu kwa namna yake. "Kura nilimpa Bima kwa bahati mbaya," alimwambia kila aliyeuliza, "lakini rozari yote nilikuwa nimemsalia Chumvi."

Diwani mpya alikaa barazani na suti ya harusi yake, akaomba daraja kikao cha kwanza. Wakamwambia litafuatiliwa. Akaomba kikao cha pili, na cha tatu, kwa sauti ile ile ya upole, mpaka mwenyekiti akawa anamwita kabla hajanyoosha mkono: "Haya, Chumvi, daraja." Ombi likapelekwa jimboni ili wapate kuzungumza mambo mengine. Baridi hiyo Rory alivuka tena na koleo lake. Kiangazi zikaja mashine.

Daraja jipya lilikuwa la chuma, pana, halina sauti. Siku ya kulifungua, watu wa jimbo walifunua kibao cha kijani: DARAJA LA RORY GILLIS. Ofisini kwao mjini walikuwa na nia ya kumheshimu marehemu Rory Bunge, lakini kibao hakikusema hivyo, na Glen Ardal hakuna aliyesubiri maelezo. Rory Bima alipigwa picha chini yake, akaiweka dirishani pa ofisi yake. Rory Redio alirudi hewani kwa siku moja kushukuru wasikilizaji. Padri Rory alisema misani kwamba si vizuri kujivuna, kisha akapita hapo mara mbili kwa gari, polepole. Rory wetu hakwenda hata kukitazama. Alisema, "Si langu," akaenda kumpasulia mama yake kuni.

Ilikuwa vuli nyingine, mchana, jikoni kwa Morag. Supu ya kondoo ilikuwa mezani, mkate umefunikwa kitambaa, na Lauchie amepita "dakika moja tu", kwa hiyo amekaa tangu asubuhi. Simu ikalia. Alikuwa dereva wa lori la mafuta, mgeni, amepotea.

"Wala usitazame kibao," Morag alimwambia kwa sauti kubwa, kama wazee wanavyoongea na simu. "Kibao kitakuchanganya. Uliza Daraja la Chumvi, yeyote atakuonyesha. Ukishavuka Daraja la Chumvi, nyumba ya kwanza, yenye moshi."

Rory alishikilia kijiko hewani. "Umesema daraja la nani?"

"La Chumvi. Wewe ulidhani linaitwaje?"

"Nani analiita hivyo?"

"Watu," alisema Lauchie, akimega mkate. "Tangu mashine hazijaja. Wa basi la shule wanaliita hivyo, hata watoto. Hukujua?"

Hakujua. Katika nchi ile wewe ndiye wa mwisho kuambiwa. Morag aliweka simu, akaketi, akamtazama mwanawe na macho yake ya maji maji.

"Ulitaka jina la daraja," alisema. "Basi daraja limechukua lako. Kula, inapoa."

Nje lilisikika lori, zito, likija juu ya chuma bila mlio wowote wa mbao. Rory aliionja supu. Ilikuwa chapwa, kama supu za mama yake zilivyokuwa siku zote. Lauchie, kwa mazoea ya miaka, alikuwa ameshanyoosha mkono kuondoa kile kidude mezani.

"Kiache hapo," Rory alisema. "Nipe hiyo chumvi."